Koodineti ya kihamba: Tanzania kati ya biashara ya dunia na tabianchi

Kahawa mbichi, ile iliyokobolewa lakini haijakaangwa, haitozwi ushuru wa forodha inapoingia Umoja wa Ulaya. Iwe imetoka Tanzania, Brazil au Vietnam, ushuru ni sifuri. Naanza na hilo kwa sababu katika mikutano ya vyama vya ushirika ninayoalikwa, wakulima wengi bado wanaamini kwamba kinachotubana Ulaya ni kodi, na kwamba Serikali ikitia saini mkataba fulani mambo yatanyooka. Swali linaloulizwa mlangoni siku hizi ni jingine: shamba liko wapi, na kabla ya mibuni hiyo palikuwa na nini?

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayogusa bidhaa saba: kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe, pamoja na vitu vingi vinavyotengenezwa kutokana nazo. Bidhaa hizo zisitoke kwenye ardhi ambayo msitu wake ulifyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na ziwe zimezalishwa kwa kufuata sheria za nchi zilikotoka. Mwagizaji wa kule Ulaya ndiye anayetoa tamko, ila tamko hilo halikamiliki bila koodineti, yaani namba za ramani zinazoonyesha mahali lilipo, za kila shamba lililochangia mzigo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, nukta moja inatosha. Likizidi hapo, lazima lizungushwe mpaka mzima. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na sasa kampuni kubwa na za kati zinatakiwa kuanza tarehe 30 Desemba 2026, ndogo zikifuata tarehe 30 Juni 2027.

Tanzania inasimama wapi katika hili? Ili kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilimaliza mazungumzo na Ulaya juu ya mkataba wa ubia wa kiuchumi. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huo Bunge likaishauri Serikali isisaini. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa miongoni mwa waliopinga waziwazi, kwa hoja kwamba viwanda vyetu vichanga vitamezwa na bidhaa za Ulaya zikiingia bila ushuru. Tuliweza kukataa kwa sababu tuko katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na kundi hilo tangu 2001 linaingiza Ulaya kila kitu bila ushuru, isipokuwa silaha. Kenya haimo katika kundi hilo, hivyo hesabu yake ilikuwa tofauti. Ikasaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, na ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Huo ulikuwa ugomvi wa ushuru, na mbele ya ushuru nchi huweza kusema hapana. Kanuni ya misitu haisainiwi na Tanzania. Ni sheria ya mnunuzi, imetungwa Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, na inamfikia mkulima wa Mbozi au Karagwe bila mjumbe wetu hata mmoja kuipigia kura.

Hapo ndipo hoja yetu ya msingi inaposimama, na ni hoja nzito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa mwaka 1992, katika ibara ya 3, unasema hatua za kupambana na mabadiliko ya tabianchi zisiwe ubaguzi usio na sababu wala kizuizi cha biashara kilichojificha. Ibara hiyohiyo inatamka kwamba wajibu ni wa wote, ila hauwezi kulingana kati ya aliyechafua sana na aliyechafua kidogo. Tanzania, ikiwa ndani ya Kundi la Afrika, imekuwa ikisimamia kanuni hiyo katika mikutano ya tabianchi, na inadai fedha za kuhimili athari kwanza kabla ya kubebeshwa gharama mpya.

Kwenye Shirika la Biashara Duniani iko kesi ambayo kila afisa biashara angepaswa kuifahamu: kesi ya kamba wa baharini na kasa. Marekani ilizuia kamba waliovuliwa kwa nyavu zinazoua kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikashtaki. Mwaka 1998 chombo cha rufaa kiliamua kwamba kulinda kasa ni sababu halali ya kuzuia bidhaa, lakini Marekani ilikosea namna ya kutekeleza, kwa kuwa ilikaa mezani na baadhi ya nchi na nyingine ikaziamrisha tu. Marekani ikarekebisha utaratibu wake, na mwaka 2001 zuio lake likakubaliwa. Funzo kwetu ni kwamba anayepinga lengo la kulinda msitu huenda akashindwa. Mwenye nafasi ya kushinda ni yule anayepinga namna mzigo unavyogawanywa. Na hata huo ushindi leo unaweza kuning'inia, maana chombo hicho cha rufaa hakina majaji wa kutosha tangu Desemba 2019.

Septemba 2023 mabalozi wa mataifa 17 waliiandikia Ulaya barua ya kulalamikia kanuni hii. Afrika iliwakilishwa na Ghana, Ivory Coast na Nigeria. Tanzania haikuwamo. Wapo wanaoona huo ni unyonge. Mimi naona sauti yetu ilihitajika pale, kwa sababu kahawa yetu karibu yote inalimwa na wakulima wadogo, na tuna jambo ambalo wenzetu wa mashamba makubwa hawalisemi.

Jambo lenyewe ni kihamba, shamba la familia lenye miti na mazao mchanganyiko. Ingia kihamba cha Mchaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Juu kabisa kuna miti ya kivuli, mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi. Mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia, unapita pembeni na maji yake. Mvua ikinyesha, udongo haubebwi. Babu alipanda, baba akarithi. Kilimo cha namna hii ndicho ambacho wataalamu wa tabianchi wanakihubiri dunia nzima.

Sasa kitazame kutoka angani. Setilaiti inaona vilele vya miti vimefunika ardhi, na ramani zinazochorwa kwa picha hizo mara nyingine hukiita msitu. Mwaka unaofuata mkulima anakata mringaringa mmoja mzee apate mbao za kuezekea, au anang'oa mibuni iliyochoka apande miche mipya. Juu ya ramani hilo linaweza kusomeka kama msitu umefyekwa. Kwa maandishi kanuni yenyewe haimkosei: ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo, hata ikiwa na miti, haihesabiwi kuwa msitu. Lakini mnunuzi aliye Hamburg hafiki shambani. Akiona alama nyekundu kwenye kompyuta na hana karatasi ya kuielezea, anaagiza kwingine.

Ndiyo maana naisisitiza sana kazi ya usajili wa wakulima inayosimamiwa na Bodi ya Kahawa. Ifanywe kwa uangalifu. Niliwahi kukagua jedwali la mradi mmoja nikakuta mashamba zaidi ya kumi yana koodineti moja. Aliyetumwa alikaa ofisi ya chama, akaandikisha kila aliyepita mlangoni. Kanuni inataka tarakimu sita baada ya nukta ya desimali, usahihi wa takriban sentimita 11 ardhini, na pale ekari za watu zaidi ya kumi zilikuwa zimewekwa juu ya kiti kimoja.

Mei 2025 Ulaya ilizipanga nchi kwa kiwango cha hatari ya misitu kufyekwa. Kenya iliwekwa hatari ndogo, Tanzania na Uganda hatari ya kawaida. Kwa mzigo wetu, waagizaji wanaokaguliwa ni asilimia 3, kwa Kenya asilimia 1, na wa Kenya wana makaratasi machache zaidi. Hili linaigusa Kagera, mkoa unaopakana na Uganda, kwa namna ya pekee. Kahawa iliyouzwa butura, yaani ingali mtini, kisha ikavushwa usiku kwenda Uganda, haina tena shamba. Imechanganywa, na jina la mkulima limepotea njiani.

Sitaficha upande wetu. Tathmini za Serikali zenyewe zimeonyesha upotevu wa msitu wa zaidi ya hekta laki nne kwa mwaka, sehemu kubwa kwa ajili ya kilimo cha kuhamahama, mkaa na malisho. Kahawa si mkosaji mkuu hapo. Lakini nchi iliyoahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ya kutochukua hatua, na yenye kituo chake cha kufuatilia kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, inao uwezo wa kuchora ramani yake yenyewe ya msitu ikatenganisha kihamba na hifadhi. Ramani hiyo ikiwekwa mezani Brussels, itakuwa na nguvu kuliko barua ya malalamiko.

Kwa mkulima, wakija kuchukua koodineti, awapeleke hadi katikati ya shamba. Aulize taarifa zinatunzwa na nani, na chama chake cha msingi kibaki na nakala. Aandike mwaka kahawa ilipopandwa kwa mara ya kwanza, hata kama ni kwa kumbukumbu ya wazee. Na kabla ya kukata mti wa kivuli, apige picha mti ukiwa umesimama na mibuni ikionekana chini yake.

Kahawa ya Kilimanjaro huanza kuchumwa karibu na Julai. Itakayochumwa Julai 2026 itapita mashine ya kumenya, itakaushwa, itakobolewa na kuuzwa, na sehemu yake kubwa itakapotua bandari za Ulaya, tarehe 30 Desemba itakuwa imeshapita.