Fistula ya uzazi: yanayosemwa vijijini Dodoma na yanayotokea mwilini

Kwenye kamba ya kuanikia nguo ya mwanamke mwenye fistula hakukosekani vitambaa. Ni vipande vya khanga kuukuu vilivyochanwa kwa upana wa kiganja, vinavyofuliwa asubuhi na jioni, na katika vijiji vya Bahi, Chamwino au Mpwapwa wakati wa kiangazi vinafuliwa kwa maji ya dumu lililobebwa kichwani kutoka mbali. Jirani akiviona huwa tayari ana maelezo yake, na maelezo hayo mara nyingi si ya kweli. Nayaandika hapa kwa sababu naamini kwamba hadithi za uongo kuhusu ugonjwa huu haziishii kumuumiza mwanamke baada ya kuugua, bali nyingine ndizo zinazomfikisha kwenye ugonjwa wenyewe.

Fistula, ambayo wengine huiita nasuri, ni njia isiyo ya kawaida inayofunguka kati ya viungo viwili vya mwili. Katika fistula ya uzazi, tundu hilo huwa kati ya kibofu cha mkojo na uke, au kati ya utumbo wa haja kubwa na uke, na wapo wanaopata yote mawili; mkojo au kinyesi huvuja kupitia hapo bila mwanamke kuweza kuuzuia. Chanzo chake kikubwa ni uchungu pingamizi: mtoto hawezi kupita, kichwa chake kinakwama kwenye nyonga, na kila uchungu unapokuja kinazibana nyama laini za mama dhidi ya mfupa wa kinena. Nyama iliyobanwa kwa saa nyingi haipati damu, na nyama isiyopata damu hufa.

Wengi husema kwamba mwanamke huyo amerogwa. Dhana hii imedumu kwa sababu ya jambo moja ambalo ni nadra kuelezwa: nyama iliyokufa haidondoki siku ileile ya kujifungua. Hukaa siku kadhaa, aghalabu kati ya 3 na 10, ndipo inapobanduka na kuacha tundu. Kwa hiyo mama anakuwa amesharudi nyumbani, pengine amezika mtoto, kwa maana katika uchungu wa namna hii watoto wengi huzaliwa wafu, halafu asubuhi moja anaamka godoro limelowa. Kwa macho ya familia, kuzaa kulikwisha wiki iliyopita na hili ni balaa jipya, hivyo anatafutwa mtu wa kulaumiwa. Baadhi ya wanawake hao pia huanza kuburuta mguu mmoja au yote miwili, na hapo shaka ya uchawi hugeuka kuwa uhakika, ilhali mguu huo umelegea kwa sababu mishipa ya fahamu inayouhudumia ilibanwa katika uchungu uleule. Kwa wengi nguvu hurudi polepole, hasa wakisaidiwa na mazoezi ya viungo.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni ile inayosema kwamba uchungu unaochukua muda mrefu ni ushahidi kuwa mwanamke alitoka nje ya ndoa. Mama anajipinda kitandani, amechoka, midomo imekauka, na watu wazima waliomzunguka wanamtaka ataje jina la mwanamume ili mtoto ashuke. Akikana, wanamngoja akiri. Akikiri ili wamwache, wanangoja matokeo ya kukiri kwake. Usiku mzima unapita hivyo, na ni katika saa hizohizo ambapo nyama inakufa. Mtoto anashindwa kupita kwa sababu nyonga ni nyembamba kuliko kichwa chake, au kwa sababu amelala vibaya tumboni, na hakuna neno linaloweza kutamkwa na mama likabadilisha kipimo cha mfupa. Mama aliyekaa na uchungu wa kweli kwa saa 12 bila kujifungua anapaswa kuwa tayari mahali penye chumba cha upasuaji, na kwa kijiji kilicho mbali na barabara ya lami maana yake ni kwamba safari ianze mapema sana kabla ya saa hizo kutimia.

Husemwa pia kwamba ni ugonjwa wa mabinti walioolewa wadogo. Hapo pana nusu ya ukweli. Msichana huweza kushika mimba kabla nyonga yake haijamaliza kukua, na sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hata hivyo, mama aliyezaa salama mara nne anaweza kupata fistula katika uzazi wa tano ikiwa mtoto ni mkubwa au amelala vibaya, na mama huyo huweza kucheleweshwa, kwa kuwa kila mtu anaamini kwamba amezoea kuzaa. Wapo pia wanaoipata kutokana na jeraha la upasuaji, ubakaji au saratani ya shingo ya kizazi.

Kuhusu maji, wanawake wenyewe ndio wanaokosea, na hawastahili lawama. Anayevuja hujinyima kunywa ili avuje kidogo. Jambo hilo lina mantiki, lakini mwili unafanya kinyume: mkojo unakuwa mzito na wa njano iliyokolea, harufu inazidi, ngozi ya mapaja inachomeka na kutoka vidonda, na mawe yanaweza kujijenga kwenye kibofu. Anayekunywa maji ya kutosha mkojo wake huwa mweupe, hauna harufu kali na hauunguzi. Najua kwamba kumwambia hivyo mtu anayenunua maji kwa ndoo ni kumwongezea mzigo, lakini ukweli ndio huo.

Wengine hutibiwa U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa miezi, dozi baada ya dozi, wakati hakuna kidonge kinachoziba tundu. Kipimo chake ni rahisi: daktari anaweka vitambaa safi vya pamba ukeni, anajaza kibofu maji yenye dawa ya rangi ya buluu kupitia mpira wa mkojo, kisha anavitoa vitambaa kimoja kimoja. Kitambaa kikitoka na buluu, kibofu kimetoboka. Vilevile, usaha unaotoka kwenye kijitundu kando ya njia ya haja kubwa, kwa wanaume na wanawake, mara nyingi huitwa bawasiri; huenda ikawa ni fistula ya aina nyingine, inayoanza na jipu na isiyohusiana kabisa na uzazi.

Hakuna anayeambukizwa fistula kwa kula, kulala au kukaa pamoja na mgonjwa.

Wanaosema haitibiki wamewafanya wanawake wakae nayo miaka 10, 20 na zaidi. Inatibika kwa upasuaji, mara nyingi kwa kupitia ukeni na kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, na kwa tundu lisilo na utata zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 huzibwa. Anayefika mapema, tundu likiwa dogo, anaweza hata kupona kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki chache bila kushonwa. Sitaficha kwamba wapo wanaozibwa na bado wakavuja kidogo wanapokohoa, na kwamba jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi kubwa ya kufaulu, kwa hiyo lifanywe na daktari aliyefundishwa kazi hiyo. Kuhusu gharama, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo, na zaidi ya miaka kumi iliyopita ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa simu. Muuguzi wa zahanati ya kijiji anaweza kuanzisha rufaa.

Mwisho ni dhana kwamba aliyeshonwa hatazaa tena. Wengi huzaa. Atashauriwa kupumzika bila tendo la ndoa kwa takriban miezi mitatu, na mimba ikiingia ajifungue kwa upasuaji uliopangwa, kwa sababu uchungu mwingine wa muda mrefu unaweza kulifungua tundu lililozibwa. Hilo liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki tangu hudhurio la kwanza, na wiki zake za mwisho asizikalie kijijini bali azikae chigonela, nyumba ya kusubiria kujifungua iliyo jirani na hospitali, ambayo kwetu Dodoma imepewa jina kutokana na neno la Kigogo la kulala.