Rufaa isiyo na mrejesho

Jalada la shauri, yaani la mtu au kaya inayosaidiwa kupata huduma za afya na ustawi, huwa zuri siku ya kwanza. Fomu imejaa, mlezi ametia sahihi, barua ya rufaa ya kumpeleka mteja kwenye huduma imegongwa mhuri. Shauri huharibika baada ya hapo, katika ile njia ya kutoka nyumbani kwa mteja hadi kituo cha huduma, na kwangu njia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tabibu anatibu, polisi anapeleleza. Msimamizi wa shauri anahakikisha wote wamemfikia mtu yule yule kwa wakati, bila yeye kusimulia mateso yake upya kila mlango.

Chukua kaya ya aina tunayoikuta sana Tanzania: bibi analea wajukuu wawili. Mkubwa ana miaka 9, anaishi na VVU, na kipimo cha mwisho kinaonyesha virusi vimezidi nakala 1,000 katika mililita moja ya damu, yaani havijadhibitiwa. Mdogo ana miaka 2, mzingo wa sehemu ya juu ya mkono wake sentimita 11.3. Wengi wataanza na mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyeiingiza kaya kwenye orodha ya mradi. Lakini kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na huyo anapelekwa kituo cha afya leo. Akiwa amevimba miguu yote miwili, au amekataa kula, mwambie bibi mapema ajiandae kulazwa naye, ili msianze kutafuta wa kubaki na mkubwa usiku.

Kwa mkubwa, usiandike tu "hanywi dawa vizuri". Uliza nani humpa, saa ngapi, na bibi akiwa shambani inakuwaje. Hesabu vidonge vilivyobaki. Tazama kama dozi inalingana na uzito wake wa sasa, maana dozi ya mtoto hufuata kilo na mtoto hukua. Chunguza pia, bila haraka, kama mtoto anajua dawa ni za nini. Anayefichwa huanza kuzitema.

Kisha mpango. Kila mstari uwe na mtu, tendo na tarehe. "Kuelimisha familia kuhusu lishe" hakuna anayeweza kuthibitisha kama kumefanyika. "Jumatano mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaongozana na bibi kliniki" kunathibitika. Hatua tatu zinazotekelezeka ni bora kuliko kumi na tano, na bibi mwenyewe ndiye aseme ipi itangulie baada ya ile ya dharura.

Kabla ya kuandika rufaa, piga simu kituoni: huduma ipo, siku gani, aonane na nani, aje na nini? Nauli itatoka wapi? Rufaa nyingi hufia kwenye nauli na kwenye siku isiyo ya kliniki. Barua iwe na kipande cha mrejesho, ambacho kituo hujaza na kurudisha kama jibu, nakala ibaki kwenye jalada. Tarehe mliyokubaliana ikipita kimya, fuatilia siku hiyo hiyo. Nikikuta neno "amepewa rufaa" halina jibu chini yake, nahesabu huduma haijatolewa.

Ridhaa huombwa kwa kila huduma, na mipaka ya usiri huelezwa kabla ya mazungumzo. Kwa mtoto aliye hatarini huwezi kuahidi kunyamaza: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki atoe taarifa. Akiwa amebakwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na ziendelee siku 28. Hatua za polisi zinakwenda sambamba, lakini saa hazirudi. Na tafadhali, gari lenye nembo ya mradi lisiegeshwe mlangoni kwa mteja, majirani husoma.

Shauri hufungwa malengo yakifikiwa na kuthibitishwa nyumbani, au likikabidhiwa kwa mtu aliyekubali kulipokea, kwa jina na tarehe. Mradi kuisha hakufungi shauri. Miezi ya mwisho ya ufadhili pitia majalada yote na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anzeni na yenye hatari kubwa, na mpeleke kwa bibi mkamtambulishe uso kwa uso.