Usiifiche terminali, ifanye iseme

Kila kundi jipya linapoingia kwenye kozi yetu hapa Kisumu, hakosi mwalimu mwenzangu wa kupendekeza tuachane na terminali, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri. Wape vitufe wabonyeze, husema, amri watazijua wakishakomaa. Namwelewa, kwa sababu wengi wa wanafunzi hawa wamekua na simu mkononi, na kompyuta waliigusa mara chache tu kwenye maabara ya shule, watatu kwa mashine moja. Lakini sikubaliani naye. Aliyezoeshwa kitufe cha kijani peke yake, siku atakayopewa seva, yaani kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao, isiyo na kitufe chochote, ataanza upya kama mgeni, na safari hiyo hatakuwa na mwalimu karibu.

Amri zenyewe si ngumu. `ls`, ya kuorodhesha faili, ni herufi mbili, na hakuna mwanafunzi aliyeshindwa na herufi mbili. Kinachowashinda ni kwamba terminali haikwambii waziwazi uko wapi, na ukishaiagiza kazi, haikwambii kama imeifanya.

Ukimya huo una asili yake. Unix, mfumo endeshi zilikotoka amri hizi, ilianza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Hawakuwa na skrini kama zetu, walitumia mashine za kupiga chapa zilizotoa majibu kwenye karatasi, na Teletype Model 33 iliandika herufi 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kila herufi ni gharama, ndiyo maana tukarithi `cp` (kunakili), `mv` (kuhamisha au kubadili jina) na `rm` (kufuta), na desturi ya kunyamaza mambo yakienda sawa. Baadaye ukimya ukapata faida nyingine: programu isiyopayuka ni rahisi kuiunganisha na nyingine kwa alama ya `|`, inayopeleka matokeo ya moja kwa nyingine. Ni desturi nzuri kwa mzoefu. Kwa anayeanza, kunyamaza na kugoma vinafanana. Akinakili faili kwa `cp` na asione jibu, ananakili tena.

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Mwalimu, imekataa." Imekataa nini? "Inasema faili haipo, na faili naiona, ile pale." Nikitazama skrini nakuta hivi:

`python3: can't open file '/home/maabara/hesabu.py': [Errno 2] No such file or directory`

Faili ipo kweli, ila imo ndani ya Downloads, na yeye amesimama nje ya hapo. Jibu lote liko katikati ya ujumbe ule ule: `/home/maabara/hesabu.py` ndipo Python ilipokwenda kutafuta. Kiingereza chake anakisoma bila shida, tatizo ni kwamba hajaonyeshwa ni kipande gani cha kusoma. (Kwenye Windows kuna mtego mwingine. Notepad huweza kuhifadhi faili kama `hesabu.py.txt`, na kwa kuwa Windows huficha viambishi vya majina, mwanafunzi ataapa kwamba jina ni sahihi.)

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachowapa kinaitwa `wapi`. Ni mistari michache ndani ya `.bashrc`, faili ambayo terminali huisoma kila inapofunguliwa: kinataja folda uliyomo, kinaorodhesha faili za Python zilizomo, halafu mstari wa mwisho unasema "Amri halisi: pwd na ls *.py". Mstari huo wa mwisho ndio ninaoupigania. Kifaa cha kurahisisha kisichotaja amri halisi kinamfundisha mtu kifaa chenyewe, na kifaa chenyewe hakipo popote nje ya maabara yetu.

Kwenye kufuta ndiko nilikotumia muda mwingi. `rm` haina jalala la kurudia, na `mv kazi1.py kazi2.py` itaifunika kazi2 iliyokuwepo bila kukuuliza. Ushauri unaozunguka sana ni kuifanya `rm` yenyewe iulize kwanza, kwa `alias rm='rm -i'`. Mimi siutumii. Mwanafunzi huzoea kuulizwa, anaanza kuiona `rm` kama kitu kisicho na madhara, kisha anaingia kwenye mashine ya mtu mwingine ambako haiulizi. Amri ya zamani iachwe na tabia yake, yako ipe jina lako:

```
futa() {
  mkdir -p ~/.jalala
  echo "Zitakazoondoka:"; ls -d -- "$@" || return
  read -p "Andika ndiyo kuendelea: " jibu
  [ "$jibu" = ndiyo ] || return
  echo "Amri halisi: mv -v $* ~/.jalala/"
  mv -v --backup=numbered -- "$@" ~/.jalala/
}
```

Ukituma pesa kwa M-Pesa huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya pesa kuondoka, na ukiona si Akinyi uliyemkusudia, unasitisha. `futa` inafanya hivyo hivyo, na faili haizifuti bali inazihamishia kwenye folda ya `.jalala`. Andika `futa *.py` na utaona orodha nzima ya vitu ambavyo nyota ile imevibeba, kabla chochote hakijaguswa. Kipande cha `--backup=numbered` ni cha Linux. Kinahakikisha faili mbili zenye jina moja hazifunikani humo jalalani.

Ona pia kwamba nadai neno "ndiyo" lote. Ukiweka chaguo la n au h, utamzoesha mtu kubonyeza n akikubali, kisha akutane na `apt`, amri ya kuweka programu, inayouliza `[Y/n]` (n hapo ni "no"), abonyeze n, na abaki akishangaa kwa nini programu haijaingia.

Kwa Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, sikuhitaji kuandika kitu, kazi hiyo waliifanya watengenezaji wake wenyewe. Amri moja, `git checkout`, hubadilisha tawi (mkondo wa kazi ulio kando) na pia hutupa mabadiliko ya faili ambayo hujayahifadhi, kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Toleo la 2.23, la Agosti 2019, lilizigawa kuwa `git switch` na `git restore`. Nafundisha hizo mbili tu. `checkout` wataikuta wenyewe kwenye maelezo ya zamani.

Msaada nao uwe ndani ya mashine. Bando huisha, na mwanafunzi hawezi kutafuta kila kitu mtandaoni. `man`, amri ya kufungua maelezo ya amri nyingine, haihitaji intaneti, lakini kurasa zake nyingi hukupitisha kwenye rundo la chaguo kabla hujaona mfano mmoja. Naweka `tldr`, mradi wa watu wa kujitolea wanaoandika mifano mifupi ya amri mbalimbali. Ukishazipakua kurasa zake mara moja, zinasomeka hata bila mtandao.

Vifaa vyangu vyote vina siku ya kuondoka. Wakishaanza kufanya kazi kwenye seva, kila mmoja anafungua `.bashrc` yake kwa `nano`, kihariri cha maandishi cha terminali, anasoma nilichoandika mstari kwa mstari, kisha anakifuta. `wapi` hufutwa bila majonzi, maana kufikia hapo `pwd` imeshaingia vidoleni. `futa` wengine huigoma kuitoa, na siwalazimishi. Hata kwenye laptopu yangu ipo.