Spika za kusikiliza usiku, watoto wamelala

Mzee mmoja wa Chumbageni alinirudishia mimi fundi spika zake mara mbili hapa Ngamiani, Tanga. "Mwanangu, mchana zinapiga vizuri, usiku zinakufa besi." Mara ya kwanza nilizifungua. Koili, yaani waya uliosokotwa unaoisukuma koni, ni ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme); ikasoma 6 na ushee kwenye mita, kama inavyotakiwa, maana mita husoma pungufu kidogo ya namba iliyoandikwa. Nikaibonyeza koni nisikie kama inakwaruza, wapi! Nzima kabisa. Mara ya pili nikamfuata kwake baada ya isha. Akaweka taarabu ya zamani ya Black Star, wale wa hapa hapa Tanga waliotia gitaa la besi kwenye taarabu, sauti akaiweka chini kwa ajili ya wajukuu. Kweli, gitaa la besi halipo. Nikapandisha kidogo, likarudi. Ugonjwa haukuwa wa spika, ulikuwa wa masikio: yake, yangu na yako.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walichora mistari inayoonyesha kwamba sauti ikishuka, sikio huitupa besi kwanza. Chukua kipimo cha kimataifa cha ISO 226. Mlio wa kati, hezi 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde), ukiwa na desibeli 40 (desibeli hupima ukubwa wa sauti), besi ya hezi 50 lazima ifike karibu desibeli 78 ndipo uzisikie sawa. Pandisha mlio wa kati hadi desibeli 80, besi itataka karibu 102. Yaani pengo lilikuwa 38, sasa ni 22. Kwa hiyo wimbo ule ule, spika zile zile, ukipunguza sauti unapungukiwa besi kuliko kitu kingine chochote. Wala hujazeeka.

Ndiyo maana amplifaya za zamani zilikuwa na kitufe cha laudinesi, kinachonyanyua besi, na mara nyingi sauti nyembamba za juu pia kidogo, kwa ajili ya kusikiliza kwa sauti ya chini. Vijana wanakidharau. Mimi amplifaya yenye kitufe hicho siiuzi kirahisi.

Sasa dukani. Muuzaji atafungulia mpaka bati litetemeke, maana kwa sauti hiyo hata boksi la hovyo lina besi. Mwombe ashushe mpaka mnaongea bila kupaza sauti. Tumia wimbo unaoujua kwa moyo. Maneno ya mwimbaji yanaeleweka? Besi unaifuata noti kwa noti, au inadunda mdundo mmoja tu kama mchi kwenye kinu? Sabufa nyingi za bei nafuu zina ugonjwa huo wa mdundo mmoja, na usiku ndiyo unaomkera jirani. Mimi napendelea boksi lenye koni ya inchi 6 na nusu au 8. Koni ya inchi 3, hata iwe na taa za rangi zote, haina hewa ya kusukuma.

Wati zilizoandikwa kwenye katoni zisikutishe. Spika inayotoa desibeli 88 kwa wati 1, ukiwa umekaa mita 1, kwa usikilizaji wa usiku, kwa wastani, haitumii hata sehemu ya mia ya wati. Angalia badala yake ukingo wa koni: chagua wa mpira. Wa sponji kwenye joto na unyevu wetu huu unaoza na kumeguka kama mkate mkavu.

Feni nayo inafunika sauti, basi usiketi chini yake. (Najua, Tanga bila feni ni adhabu.)

Kwa mzee sikuuza kitu. Nilisogeza maboksi yakaribie ukuta, shubiri moja hivi, maana ukuta huongeza besi. Kiti nikakileta mbele, nikabonyeza laudinesi. Gitaa likarudi, wajukuu hawakushtuka.

Wiki iliyopita kaja tena. Safari hii analalamika kwamba mchana besi imezidi, vikombe vinacheza kabatini. Kitufe hakukizima.