Albamu ya injili si lazima iwe kuaga muziki wa kidunia

Wasikilizaji wengi huamini kwamba mwanamuziki wa kantri, muziki wenye asili ya vijijini vya kusini mwa Marekani, akitoa albamu ya nyimbo za injili, basi ameokoka na kuachana na nyimbo za mapenzi na baa. Imani hiyo inaeleweka, kwani kwetu Afrika Mashariki wapo waliotangaza wokovu na kweli wakalihama jukwaa la dansi. Katika kantri, hata hivyo, mambo hayo mawili yameishi nyumba moja tangu zamani: katika rekodi zilizofanywa mwaka 1927 mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, nyimbo za kanisani zilirekodiwa sambamba na za mapenzi na misiba.

Anayetaka kuhakiki azipange albamu za mwimbaji wake kwa mwaka wa kutolewa, kisha atazame iliyofuata ile ya injili. Mara nyingi ataikuta ya kawaida kabisa, na machozi yake ya mapenzi.