Je, kijana mhalifu ana akili ndogo?

Wengi tumekua tukiamini kwamba kijana anayeiba au kupigana hana akili. Tafiti, hasa za Marekani na Uingereza, zimekuta vijana wahalifu wakipungukiwa takriban pointi 8, ukiwalinganisha na wenzao, kwenye vipimo vya akili ambavyo wastani wake ni 100. Huo ni wastani tu: wengi wao wako kiwango cha kawaida, na wengi wenye alama ndogo hawajawahi kuiba hata kalamu. Pengo liko zaidi kwenye lugha kuliko kwenye mafumbo ya picha. Mtoto asiyeelewa anachosomewa darasani huchoka, hutoroka, na mtaani ndiko anakopokelewa. Hilo linaniuma, maana angeweza kuwahiwa. Ukikutana na dai kama hili, uliza: walipimwa kwa lugha gani, wakalinganishwa na nani?