Kwa nini tunamkumbuka Willy Gamba na kusahau kisa chenyewe?

Mtajie msomaji wa makamo anayepekua vitabu vya mitumba maeneo ya Posta, Dar es Salaam, jina la Willy Gamba, shujaa wa riwaya za Elvis Musiba. Atakueleza papo hapo: mpelelezi, mtanashati, mwepesi wa bastola, mpenda warembo. Muulize sasa adui wa kitabu fulani alishindwaje, uone atakavyochanganya vitabu viwili vitatu.

Riwaya pendwa, yaani riwaya za burudani kama hizi za upelelezi, hujengwa hivyo makusudi. Mwandishi humpa mhusika mkuu alama mbili au tatu tu, kisha huzirudia kitabu hadi kitabu. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, tuliyemjua kupitia *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), ana kiko, ana mantiki, na ana rafiki yake Najum. Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, ana mwenzi wake Nuru. Mwenzi wa namna hii ana kazi nzito: anauliza yale ambayo msomaji angetaka kuuliza, na jibu linakuja kwa mazungumzo badala ya kurasa za maelezo. Ndiyo maana vitabu hivi vinasomeka hata ndani ya daladala, umesimama, foleni haisogei. Na kwa kuwa mhusika tunamjua, kitabu kinachofuata hakina haja ya utambulisho mrefu. Simu inalia, kuna maiti, twende.

Lakini mhusika huyohuyo ndiye anayeleta kasoro. Tangu Elvis Musiba alipomtoa Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* (1974) na kumrudisha tena na tena, msomaji ameshajua kwamba huyu hafi. Akielekezewa bastola, hatushtuki sana. Basi mwandishi wa mfululizo wa aina hii hutafuta taharuki kwingine: adui anakuwa mkubwa zaidi, au anauawa mtu wa karibu, mara nyingi mrembo aliyeingia sura chache tu nyuma. Hapo ndipo utanzu huu unapojiaibisha zaidi: mwanamke anaelezwa umbo kwa nusu ukurasa, akili yake haipati hata sentensi.

Kuna na sadfa. Shujaa akikutana na adui baa kwa bahati mbaya, tunavumilia. Akiokolewa kwa bahati, tunaudhika, kwa sababu tulimfuata kwa ajili ya akili yake, na sasa haikutumika.

Hadithi za mfululizo za magazetini, na siku hizi za WhatsApp, zinaongeza tatizo. Kila kipande kinaanza na “Ilipoishia” na kukatika penye hatari. Mwandishi anachapisha kabla hajamaliza kuandika. Akifika sehemu ya 40 hawezi kurudi sehemu ya 3 kupanda dokezo alilolisahau. Matokeo yake marehemu anafufuka, au anazuka pacha ambaye hakuwahi kutajwa. Pale vipande vya mwanzo vinapotolewa bure na vinavyofuata vikauzwa, kuna kishawishi kingine: kurefusha. Mtu anafungua mlango kwa vipande viwili!

Ukitaka kupima kabla ya kulipa, chagua ukurasa wenye mazungumzo mengi, funika majina kwa kidole, usome. Mwandishi aliyewajua wahusika wake atakuwezesha kutambua nani anasema. Jambazi, mama mwenye nyumba na inspekta wakiongea kwa sauti moja, rudisha kitabu mezani, uchukue kingine.